Ukijenga banda la sungura Moshi au Arusha, anza na mkojo

Anayeanza kufuga sungura nje, uani, huogopa baridi kabla ya kitu kingine. Ameona ukungu wa Julai ukishuka Kibosho au Ngaramtoni, basi anapigilia mbao pande zote nne, anaacha kidirisha kimoja, na kabla miezi miwili haijaisha sungura wanaanza kupiga chafya na kujifuta pua kwa miguu ya mbele. Baridi haihusiki hapo. Sungura mkubwa mwenye manyoya makavu, asiyepigwa na upepo wa moja kwa moja, anaimudu baridi ya huku. Kinachomshinda ni amonia itokayo kwenye mkojo wake mwenyewe. Inaunguza ndani ya pua na mapafu, na vijidudu vya mafua ambavyo sungura wengi wanavyo tayari puani vinapata nafasi. Kwa hiyo kabla hujamwita fundi jiulize: tone la mkojo likimtoka sungura, linapita wapi na linaishia wapi?

Chagua mahali palipoinuka kidogo, ambapo maji ya masika hayapiti. Kivuli cha migomba ya kihambani (shamba la nyumbani) kinafaa sana mchana, ila acha mita 2 au 3 kati ya banda na mgomba wa karibu, maana majani makavu yaliyolala chini ni makao ya panya na njia ya siafu. Chini ya mparachichi usijenge kabisa. Tunda likidondokea bati usiku, jike mwenye mimba anaruka kwa mshtuko. Na majani yake ni sumu kwa sungura, hata yale machache yanayopeperushwa hadi kwenye hori.

Urefu wa banda uelekee mashariki na magharibi, ili jua la asubuhi na la jioni lipige ncha fupi tu, na ncha hizo uzizibe kwa mbao. Kwa mtu wa Moshi mjini au Arusha mjini mlima uko kaskazini, na usiku hewa baridi huteremka kutoka huko. Upande huo weka mbao kuanzia usawa wa sakafu ya vizimba kwenda juu, ukiacha wazi sentimita 30 chini ya bati ili hewa ya moto itoke. Kusini pabaki waya na pazia la turubai au viroba vilivyoshonwa pamoja. Pazia lishikizwe chini na livutwe kupanda juu, liishie sentimita 20 kabla ya bati. Ukilitundika juu likashuka, unaziba pale pale hewa chafu inapotokea.

Kwa kuanzia, dume 1 na majike 4 wanatosha. Kila mmoja awe na kizimba chake cha urefu wa sentimita 90, kina cha 60 na kimo cha 50, vipimo vinavyowafaa sungura wa umbo la kati kama New Zealand White na California. Ongeza vizimba 2 vya kukuzia watoto walioachishwa, vya sentimita 120 kwa 60. Kina kisizidi 75, la sivyo mkono hautafika nyuma na utamshika sungura kwa kumkimbiza. Panga majike 4 mstari mmoja (mita 3.6), dume na vizimba vya kukuzia mstari wa pili (mita 3.3), katikati ujia wa mita 1. Vizimba na ujia vinachukua mita 3.6 kwa 2.2; kuta na nguzo zikae nje kidogo ya vipimo hivyo, zisiviguse vizimba. Paa lizidi kwa sentimita 60 kila upande, yaani mita 4.8 kwa 3.4, bati kama 7 zilizokatwa futi 12 zinalifunika, zikiinama kuelekea kusini. Nguzo za grevilea au mkaratusi zichimbiwe sentimita 60, na sehemu inayoingia ardhini ipakwe oili chafu kwa ajili ya mchwa. Oili hiyo isifike popote meno ya sungura yanapofika.

Vizimba vya ghorofa vinavutia kwa kuwa vinaokoa nafasi. Mwaka wa kwanza viache. Ghorofa inadai sinia la bati lenye mwinamo chini ya kila kizimba cha juu, na sinia lisilosafishwa kila siku ni kama choo kilichowekwa juu ya kichwa cha jirani.

Sakafu ndiyo kazi yenyewe. Kosa la kawaida ni waya wa kuku, ule wa matundu ya pembe sita. Ni mwembamba, unalegea, na uzito wa jike wa kilo 4 unaufanya ukate nyayo. Kwanza manyoya ya nyayo yanaisha, kisha kidonda, kisha jike hataki kupandwa kwa sababu kusimama kunamuuma. Tumia waya uliochomelewa wa matundu ya mraba ya nusu inchi, au nusu inchi kwa inchi moja, mnene na uliopakwa zinki. Ukipata wa nusu kwa moja, nyuzi zilizokaribiana zikae juu. Kwenye roli ya upana wa futi 3, kila kizimba cha mkubwa kinakula sentimita 60 na kila cha kukuzia sentimita 120, jumla mita 5.4, nunua mita 6. Vipande vya upana wa sentimita 30 vinavyobaki kwenye vile vya kukuzia tengenezea milango. Waya upigiliwe juu ya fremu, fremu ibaki nje, ili sungura asipate ukingo wa mbao wa kutafuna na mkojo usilale kwenye ubao.

Waya wa urefu huo utabonyea katikati. Mafundi wengi hutia ubao chini kuushikilia, na hapo ndipo kinyesi kinapojaa, kikalowa, na sungura akakaa juu yake. Tia nondo ya milimita 10 badala ya ubao. Ni duara, haibebi kinyesi. Pia mpe kila sungura kibao kikavu cha sentimita 25 kwa 30 cha kupumzishia miguu, kisichopigiliwa, ili ukitoe na kukianika.

Sakafu hiyo iwe sentimita 80 hadi 90 kutoka ardhini. Chini yake sakafia kwa saruji yenye mwinamo wa sentimita 5 kwa kila mita, ielekee mfereji mdogo unaopeleka mkojo kwenye ndoo iliyo nje ya paa. Mkojo huo ukizimuliwa kwa maji ni mbolea nzuri ya mboga na migomba. Kama saruji haijapatikana, shindilia udongo na utandaze maranda makavu, uyazoe kila baada ya siku chache. Kuna mazoea ya kumwaga majivu au chokaa chini ya vizimba ili kukata harufu. Kwenye mkojo mbichi yanafanya kinyume, kwa maana yanausukuma kuachia amonia kwa kasi zaidi. Majivu yasubiri eneo liwe limezolewa na kukauka.

Kipimo cha hewa hakihitaji chombo. Alfajiri, kabla ya kushusha pazia, inama pua yako iwe usawa wa vizimba. Macho yakiwasha, sungura wamekwisha kuumia usiku kucha.

Sasa jike wa kuzaa. Mpeleke yeye kwa dume. Dume akipelekwa kwa jike hutumia muda kunusa, na jike hulinda kizimba chake kwa meno. Mimba ni siku 31, mara nyingine 30 au 32. Sanduku la kuzalia liwe sentimita 40 kwa 30, kimo 30, mbele likatwe libaki 15, chini litobolewe vitundu vya msumari. Liingize siku ya 28 likiwa na nyasi kavu tele. Ukiliweka wiki nzima kabla, jike ataligeuza choo na watoto watazaliwa kwenye maji. Kimo kile cha 15 mbele kina sababu: jike akitoka huku mtoto amening'inia kwenye chuchu, ukingo humdondosha ndani. Anayepita hata hivyo huishia kwenye waya, kwa hiyo sentimita 12 za chini za kuta zote za kizimba cha jike ziwe na matundu madogo ya nusu inchi, la sivyo utamwokota ardhini. Ukimkuta baridi, mpashe moto taratibu kwenye kiganja au kitambaa cha vuguvugu kabla ya kuamua kwamba amekufa.

Jike hunyonyesha mara moja au mbili kwa siku, dakika chache tu. Usimlazimishe kukaa sandukuni. Angalia matumbo ya watoto: yakiwa mviringo na ngozi haina makunyanzi, wameshiba. Kuanzia siku ya 18 hadi 21 toa sanduku. Likibaki linakuwa kisima cha unyevu na hapo kuhara kwa koksidia (vijidudu vya utumbo) kunaanza. Bakuli la maji la jike anayenyonyesha liwe zito na lifungwe ukutani kwa waya, maana likipinduka mchana wa Februari maziwa yanapungua siku hiyo hiyo.

Na Februari ni suala lenyewe kwa wanaofuga maeneo ya chini yenye joto: Himo, Pasua na mabonde ya kuelekea mashamba ya miwa ya TPC. Joto likipita nyuzi 30, sungura hulala amejinyoosha na kuhema haraka, jike wa siku za mwisho anaweza kufa, na dume hukosa nguvu ya kutia mimba kwa wiki kadhaa hata baada ya joto kupungua. Wengi huwauza majike wakidhani ni tasa. Paka bati rangi nyeupe, tundika gunia lililoloweshwa maji upande wa upepo, na mpe dume kizimba chenye kivuli zaidi. Chupa ya maji iliyogandishwa, ikilazwa kizimbani saa sita, sungura mwenyewe ataisogelea.

Usafi: kila siku fagia chini, osha bakuli, toa majani yaliyolala. Kila wiki sugua waya kwa brashi ngumu. Ule ukoko mweupe ni chumvi za mkojo, sabuni haiutoi. Pakaza siki au maji ya ndimu, subiri kidogo, sugua, kisha anika juani. Jiki itumike tu baada ya kuosha kinyesi chote na kusuuza siki yote kwanza, kwani ikikutana na siki au mkojo hutoa hewa ya sumu.

Mwisho ni siafu, ambao masika wanaweza kumaliza sanduku zima la watoto kwa usiku mmoja. Kila mguu wa vizimba usimame ndani ya kopo lenye oili chafu, na juu ya kopo weka mwamvuli wa bati ili mvua isiijaze. Vizimba visiguse ukuta, nguzo wala jani la mgomba, kwani ujani mmoja ni daraja tosha. Kufuli weka mlango wa banda, vizimba vyenyewe vitumie komeo tu. Siafu wakiingia saa nane usiku, utakuwa na tochi mkono mmoja na vizimba saba vya kufungua.