Jibu: Midilaini hospitalini, tuanzie wapi?

Mkuu, umeuliza kama mkileta midilaini (mrija mwembamba wa dawa unaoingizwa kwenye mshipa wa mkono wa juu) muanze kwa kununua vifaa au kufundisha wauguzi. Mimi ningeanza na orodha ya dawa. Ncha ya midilaini huishia karibu na kwapa, haifiki kwenye mishipa mikubwa ya kifuani, kwa hiyo dawa zinazounguza tishu zikivuja, na lishe nzito ya mishipani, zisipite humo. Mfamasia aliweke hilo kwa maandishi, la sivyo kuna usiku daktari wa zamu atasema "si kuna laini tayari?" Bandikeni na lebo juu ya bandeji, maana kwa macho haitofautiani na PICC, mrija wa mkononi unaofika hadi mishipa mikubwa ya kifuani.

Anayefaa ni mgonjwa wa antibayotiki za wiki moja au mbili ambaye kanula (mirija mifupi ya kawaida ya mshipani) zinamharibikia kila kukicha. Mwenye figo mbovu, ulizeni kwanza daktari wa figo; mishipa hiyo ya mkono huenda akaihitaji kwa dayalisisi (kusafishwa damu kwa mashine).

Mafunzo: wauguzi wachache wenye mkono mtulivu, na ultrasaundi kila mara. Wapime upana wa mshipa kabla ya kufunga tonikete (mkanda wa kubana mkono). Katheta, yaani mrija wenyewe, isizidi asilimia 45 ya upana wa mshipa, ikizidi hatari ya damu kuganda inapanda. Wa wodini nao wafundishwe kuitunza, tena mapema.