Maji ya rejeta yana kutu na Hilux inachemsha mlimani: nianzie wapi?

SWALI: Habari za kazi, fundi. Nina Hilux pikapu ya dizeli ya mwaka 1997, injini ya aina inayoitwa 3L. Tangu niinunue naongeza maji ya bomba tu kwenye rejeta. Sasa maji yana rangi ya kutu, na nikipanda Kitonga na mzigo, mshale wa joto unapanda mpaka nasimama pembeni. Fundi wa huku alitoa themostati, ile valvu inayofunguka maji yakipata moto, akasema gari litapoa. Mjini naona nafuu, mlimani hali ni ileile. Nimeshauriwa nitie sabuni ya unga kwenye rejeta, niendeshe siku mbili, kisha nimwage na kuweka kulanti, yale maji maalumu ya kupozea injini. Nifanye hivyo? Na kulanti ninunue ya kijani, nyekundu au ya pinki? – Msomaji, Makambako.

JIBU: Ndugu yangu wa Makambako, sabuni usiitie. Sabuni inatoa povu, na ndani ya povu kuna hewa. Pampu ya maji haiwezi kusukuma hewa inavyosukuma maji, kwa hiyo povu likikwama kwenye silinda hedi, yaani kichwa cha injini, sehemu hiyo inabaki bila kupozwa. Wapo pia wanaotumia soda kali ya kuzibulia mabomba. Hiyo ni mbaya zaidi, maana inakula aluminiamu, na silinda hedi ya 3L ni ya aluminiamu iliyokaa juu ya bloku ya chuma, yaani mwili wa injini.

Tuanze na rangi ya hayo maji. Rejeta ya gari la umri huo ni ya shaba au aluminiamu, na metali hizo hazitoi kutu ya kahawia. Kutu yako imetoka kwenye bloku. Maji matupu yanapozunguka penye chuma, aluminiamu na shaba kwa pamoja, metali zinaanza kulana. Dawa zilizomo kwenye kulanti kazi yake ni kuzuia hilo. Kwetu huku watu wengi wanaamini kulanti ni ya nchi za barafu, lakini hata Dar es Salaam bloku inaoza kwa maji ya bomba. Huko juu Makambako kuna jambo la ziada: kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,600 maji yaliyo wazi yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100, kwa hiyo maji matupu yanawahi kuchemka.

Kabla ya kutoa hela dukani, hakikisha gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya hedi na bloku, ni nzima. Asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, minya mpira wa juu wa rejeta. Ukiukuta mgumu, umejaa presha na gari limelala usiku kucha, kuna moshi wa silinda unaoingia kwenye maji. Fungua kifuniko, washa injini, angalia maji. Viputo vichache vya mwanzo si neno, ila vikiendelea bila kukoma ni dalili mbaya. Chomoa kijiti cha oili: ikiwa rangi yake ni ya chai ya maziwa, maji yameingia kwenye oili. Ukiona mojawapo ya dalili hizo, acha habari ya kusafisha, peleka gari likafunguliwe hedi. Kulanti haizibi gasketi.

Gasketi ikiwa nzima, turudi kwenye themostati, na hapa naomba unisikilize vizuri, kwa sababu injini nyingi zimekufa kwa ushauri huu wa kuitoa. Kwenye injini nyingi za Toyota themostati inafanya kazi mbili. Maji yakipata moto inafungua njia ya kwenda kwenye rejeta, na wakati huohuo sahani yake ya chini inaziba njia ya mkato inayoyarudisha maji kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi muda wote. Mjini huoni shida. Ukipanda Kitonga na mzigo, unapohitaji kila lita ipite kwenye rejeta, sehemu ya maji ya moto inarudi injini vilevile ilivyotoka. Nunua themostati mpya ya injini yako, yenye kile kipini kidogo cha kutolea hewa, na ukiifunga kipini kikae juu. Ila usiifunge bado. Kwa kuwa imeshatolewa, tuitumie nafasi hiyo kusafisha.

Injini ikiwa baridi, weka swichi ya hita, ile inayopasha joto ndani ya gari, kwenye joto kali ili maji ya kwenye hita nayo yatoke. Weka beseni, fungua koki iliyo chini ya rejeta, kisha fungua kifuniko. Ubavuni mwa bloku kuna nati au koki nyingine ya kumwagia. Ikifunguka ni bahati, maana tope zito linakaa huko. Ikiwa imeshikwa na kutu usiilazimishe, ikikatika utakuwa umejiongezea kazi.

Jaza maji safi, washa injini mpaka ipate joto, iache izunguke dakika 10 hadi 15, zima, subiri ipoe, mwaga. Rudia mpaka yanayotoka yawe meupe. Kusubiri ipoe ni lazima: maji baridi kwenye hedi ya moto yanaweza kuipasua. Baada ya hapo chomoa mipira ya juu na ya chini, usukume maji kinyume, yaingie chini ya rejeta na kutokea juu. Fanya hivyo kwa rejeta peke yake, halafu kwa bloku peke yake. Maji yaende taratibu, kwa sababu presha kubwa inaweza kupasua hita kuukuu.

Mimi huwa naanza na maji matupu. Yakigoma kusafika, ndipo natia dawa ya kusafishia rejeta ya dukani, iliyoandikwa kwamba haidhuru aluminiamu, kwa kipimo na muda wa kwenye kopo. Dawa kali kwenye gari kuukuu inabandua magamba makubwa yanayokwenda kuziba mirija ya rejeta, nawe unaishia pabaya kuliko ulipoanzia. Wengine wataogopa kwamba ukisafisha, gari litaanza kuvuja. Linaweza kuvuja kweli, lakini tundu hilo lilikuwapo, kutu ndiyo iliyoliziba, na ni afadhali lionekane gerejini kuliko kwenye kona za Kitonga.

Sasa kulanti. Rangi ni mapambo ya kiwanda, hakuna sheria inayovilazimisha viwanda vyote vifuate rangi moja. Soma kopo. Kwa injini yako ya Kijapani tafuta isiyo na silikati na inayokubalika kwa aluminiamu. Ile nyekundu ya Toyota inafaa, na ya aina hiyo hubadilishwa kila miaka 2 au kilomita 40,000. Ya pinki inadumu zaidi lakini inauzwa ikiwa imeshachanganywa na maji, na kwenye gari linalosafishwa hiyo inaleta tatizo. Ukimwaga, bado lita kadhaa za maji zinabaki ndani ya bloku na hita. Ukijaza iliyochanganywa juu ya hayo maji, unapata kulanti dhaifu. Kwa hiyo nunua isiyochanganywa. Mfumo wako unachukua karibu lita 10, kitabu cha gari ndicho kitoe kiasi kamili. Mimina kwanza nusu ya kiasi hicho, yaani lita 5 za kulanti, kisha jazia maji ya betri mpaka juu. Hakikisha ni maji yaliyosafishwa, siyo asidi ya betri, kwa sababu dukani vinawekwa rafu moja. Usiweke kulanti tupu ukidhani itapoza zaidi: haibebi joto vizuri kama ikichanganywa nusu kwa nusu. Aina mbili tofauti usizichanganye.

Funga themostati na gasketi yake mpya kabla ya kujaza. Egesha gari kwenye mwinuko mdogo, pua ikielekea juu, acha kifuniko wazi, hita kwenye joto, washa. Minya mipira kwa mkono huku ukiongeza kila kiwango kinaposhuka. Mpira wa juu ukipata moto ghafla, themostati imefunguka. Ongeza, funga, endesha kidogo, kisha angalia tena kesho yake asubuhi injini ikiwa baridi.

Nunua na kifuniko kipya cha rejeta. Kwa kawaida kimeandikwa 0.9, ndicho kipimo cha presha kinayoshika, na presha hiyo inasogeza kuchemka kwa maji juu kwa karibu nyuzi 20. Chenye mpira uliokauka hakishiki presha, na mlimani maji yanachemka mapema. Usikifungue kamwe injini ikiwa ya moto.

Ikiwa baada ya haya yote bado inachemsha kwa mzigo, zima injini ikiwa ya moto, feni ikisimama pitisha kiganja karibu na uso wa rejeta. Penye ubaridi mirija imeziba, na hiyo ni kazi ya fundi rejeta, aifungue na kuizibua. Angalia pia klachi ya feni, kiungo kinachoishika feni ili izunguke na injini: feni ikizungushwa kwa mkono bila ukinzani wowote injini ikiwa imezimwa, haivuti hewa ya kutosha.

Kulanti utakayomwaga siku zijazo iweke kwenye dumu lenye alama, mbali na watoto. Ina utamu, mbwa na mbuzi wanainywa, na kiasi kidogo tu kinaua. Usiimwage mtaroni.