Jibu: Kitambulisho cha mdogo wangu kimekwama, wanataka karatasi za babu

Salaam aleikum dada. Nimekuelewa: mdogo wako katimiza miaka 18, cheti cha kuzaliwa anacho, kitambulisho cha mama yenu kipo, lakini ofisini wanadai karatasi za babu kwa kuwa ukoo wenu ni wa Kiunga, karibu na mpaka wa Somalia.

Anza na majina ya mama. Yalinganishe na cheti cha kijana herufi kwa herufi. Wengi niliowasindikiza hapa Lamu hukwama kwa Fatma na Fatuma tu. Yakilingana, mna nguvu. Kifungu cha 14 cha Katiba chasema aliyezaliwa na baba au mama raia wa Kenya ni raia, popote alipozaliwa. Babu hatajwi.

Na hizo karatasi zitoke wapi? Wabajuni wengi, watu wa pwani hii ya Lamu, walivihama vijiji vya mpakani wakati wa vita vya Shifta, vya waasi waliotaka kujiunga na Somalia, miaka ya 1960, wakaacha walichokuwa nacho. Kumdai mjukuu hati hizo leo ni kumwadhibu kwa ukaribu wa kwao na mpaka, na inaniuma sana. Februari 2025 Rais Ruto mwenyewe alitangaza kufutwa kwa msasa wa ziada, yaani uchunguzi wa kabla ya kupewa kitambulisho, kwa wakazi wa kaunti za mpakani.

Wakimkatalia tena, msibishane dirishani. Ombeni sababu kwa maandishi, Kifungu cha 47 kinawapa haki hiyo, na mbaki na nakala ya ombi. Wakinyamaza, ipelekeni nakala hiyo kwa Tume ya Haki ya Utawala (Ombudsman), inayopokea malalamiko dhidi ya ofisi za serikali. Kulalamika huko ni bure. Wakala wa "kuharakisha" msimlipe hata shilingi.