Ukienda Wrangell–St. Elias, Chagua Kona Moja

Anayepanga kwenda Hifadhi ya Taifa ya Wrangell–St. Elias, huko Alaska, aanze kwa kusahau zile safari tulizozoea za kuingia getini alfajiri, kuzunguka na gari hadi jioni, na kutoka ukiwa umeona karibu kila kitu. Hifadhi hii, iliyoanzishwa mwaka 1980, ina zaidi ya kilomita za mraba 53,000, ambazo ni zaidi ya mara tatu ya Serengeti, na haina geti wala kiingilio. Barabara zinazoingia ndani ni mbili tu, ya Nabesna na ya McCarthy, nazo kwa sehemu kubwa ni za changarawe. Chagua moja na uipe siku za kutosha, kwa sababu anayezitaka zote mbili kwa pupa atarudi na habari za vumbi tu.

Kwa safari ya kwanza mimi humshauri mtu apite McCarthy. Barabara hiyo huanzia Chitina, ina urefu wa karibu kilomita 96, na imejengwa juu ya tuta la reli iliyokuwa ikisafirisha shaba kutoka mji wa migodi wa Kennecott hadi mwaka 1938. Misumari ya reli hiyo bado huchomoza kwenye changarawe na kutoboa matairi, hivyo kagua spea na jeki kabla ya kuondoka. Kampuni nyingi za kukodisha magari hukataza magari yao kupita huko. Soma mkataba wote, hata yale maandishi madogo ambayo watu huyaruka, kisha tafuta kampuni inayoruhusu waziwazi. Jaza mafuta mapema na upakue ramani kwenye simu, kwani njiani mtandao ni wa kubahatisha.

Gari la mgeni huishia kwenye Mto Kennicott. Unavuka daraja la waenda kwa miguu ukiwa na mizigo yako, kisha unapanda basi dogo hadi Kennecott, penye kinu chekundu cha shaba chenye ghorofa 14. Vyumba ni vichache na msimu ni mfupi, takriban kuanzia mwisho wa Mei hadi katikati ya Septemba, kwa hiyo malazi yawekewe nafasi miezi mingi kabla.

Kutoka kinuni ni mwendo wa karibu kilomita tatu kwa miguu hadi ukingoni mwa barafuto ya Root, yaani mto wa barafu unaosogea polepole. Mwanzoni utadhani umepotezwa, maana pembeni barafu imefunikwa na kokoto na tope la kijivu. Ukipanda kidogo inakuwa nyeupe, yenye vijito vya maji ya buluu vinavyotumbukia kwenye mashimo ambayo huwezi kuona mwisho wake. Hapo usiende bila miiba ya chuma ya kufunga kwenye viatu, na kama hujawahi kutembea juu ya barafu, lipia kiongozi. Gharama yake si ndogo, lakini ndiyo ambayo nisingeipunguza.

Wanaotaka kuona barafuto kubwa zaidi hukodi ndege ndogo kutoka kijiji cha McCarthy, ng'ambo ya Mto Kennicott. Mawingu yakishuka ndege hairuki, na rubani habembelezwi. Iweke ziara hiyo mwanzoni mwa safari ili ibaki nafasi ya kuahirisha, na tiketi ya kurudi kutoka Anchorage, jiji kubwa la Alaska, isiwe ya siku ileile unayotoka McCarthy, kwa kuwa njia ya kutoka McCarthy hadi huko peke yake humaliza karibu siku nzima.