Re: Njia ya milima yenye historia, Wales kaskazini

Mkuu, kama unataka njia ya siku nzima yenye milima inayochosha kweli na historia juu yake, nenda Clwydian Range, safu ya milima ya huko, usihangaike kwingine. Anzia Bwlch Penbarras (njia ya kupita katikati ya milima), panda kwanza Foel Fenlli (mita 511), wengi wanairuka na mimi naona wanakosa sana, maana juu kuna ngome ya Zama za Chuma, mahandaki na kuta za udongo bado unaziona wazi. Halafu rudi ushike Offa's Dyke Path (njia ndefu ya watembea kwa miguu) kwenda kaskazini mpaka kilele cha Moel Famau, kuna magofu ya mnara ulioanzwa 1810 kwa jubilii ya miaka 50 ya mfalme George III wa Uingereza, dhoruba ikauangusha 1862. Wengi wanageuzia hapo, ila wewe endelea kwenye vilima vya Moel Arthur na Penycloddiau, hapo ndo magoti yanaongea, unashuka mpaka barabarani unapanda tena wima. Nenda Agosti, vichaka vyote vinachanua maua ya zambarau. Beba koti la mvua hata kama jua linawaka, upepo wa huko juu hauna huruma, na mbwa mfunge kamba, kuna kondoo.