Mlima Uliogeuka Kichuguu: Nitumie Milimita Ngapi?

SWALI: Ndugu Mhariri, nimenunua kamera yangu ya kwanza, yenye lenzi ya milimita 18 hadi 55. Juzi nilisimama kwenye ukingo wa Bonde la Ufa, barabara ya kwenda Naivasha, nikaupiga picha Mlima Longonot kwa milimita 18 ili nisiache kitu. Nyumbani niliona kichuguu kati ya majani na anga tupu. Muuzaji mmoja wa kamera ananishauri ninunue lenzi pana zaidi, yaani yenye milimita chini ya 18. Je, nimsikilize? (Msomaji, Rongai)

JIBU: Ndugu msomaji, zihifadhi fedha zako, kwa kuwa lenzi hiyo ingeupunguza mlima zaidi ya ulivyouona. Ukubwa wa kitu cha mbali katika picha hukua sawasawa na urefu wa fokasi (zile milimita zilizoandikwa kwenye lenzi): Longonot, wenye kimo cha mita 2,776, ukiupiga kwa milimita 55 utaonekana mara tatu ya ulivyoonekana kwa 18, bila wewe kusogea. Hata hivyo, kuuvuta tu kwa kuzungusha lenzi ni kama kukata sehemu ya katikati ya picha ile pana; uwiano kati ya vitu vya karibu na vya mbali haubadiliki mpaka ubadilishe mahali unaposimama. Hapo ndipo wanaoanza hupotea, kwani hufundishwa kuzungusha lenzi kabla ya kufundishwa kutembea.

Chukua mfano wa vibanda vya kuuzia ngozi za kondoo vilivyo pale ukingoni. Ukisimama mita 2 kutoka kwenye ngozi iliyoning'inizwa (baada ya kumwomba ruhusa mwenyewe) na kupiga kwa milimita 18, ngozi itatawala picha na mlima utakuwa kitone nyuma yake. Rudi nyuma hadi mita 6, uzungushe lenzi hadi 55: ngozi itabaki na ukubwa karibu uleule, lakini mlima utakuwa umekua mara tatu. Ndiyo maana picha za twiga wa Mbuga ya Taifa ya Nairobi, ambazo maghorofa ya jiji yamesimama wima nyuma yao, hupigwa kutoka mbali kwa lenzi ndefu, za milimita 200 au zaidi.

Milimita 18 nayo ina kazi yake. Mbele ya maporomoko ya Msitu wa Karura mara nyingi hupati nafasi ya kurudi nyuma, na mawingu ya masika juu ya Vilima vya Ngong huhitaji anga pana. Ila lenzi pana hutaka kitu cha karibu, jiwe au kichaka kilicho hatua moja au mbili mbele yako. Kikikosekana, utapata uwanja mtupu kama uliokusikitisha.

Rudi ukingoni alfajiri, ikiwezekana baada ya usiku wa mvua, kwa sababu vumbi la hewani hufifisha mlima, na ukiuvuta kasoro hiyo huonekana zaidi. Kabla ya kuinua kamera, amua ni kitu gani unachotaka kiwe kikubwa, tembea mpaka hicho na mlima vikae unavyopenda, ndipo uzungushe lenzi hadi usivyovihitaji vitoke pembeni. Ukifika milimita 55 bila stendi ya miguu mitatu, kasi ya shata (kipazia cha kamera kinachofunguka kuingiza mwanga) isipungue 1/80 ya sekunde.