Wadogo Zangu wa Kudhibiti Tumbaku, Namba Hiyo Ni ya Nani?

Mei ikikaribia, rasimu za memoranda ya ushuru, yaani maoni ya maandishi ya kupeleka Bungeni, huanza kunimiminikia, na kila msimu nakuta makosa yale yale tuliyofanya sisi, ila sasa yamepambwa kwa michoro ya rangi. Wadogo zangu, nawapenda. Mna bidii kuliko sisi tulivyokuwa. Ndiyo maana nawakaripia waziwazi badala ya kuwasengenya kwenye chai.

1. Fuateni kalenda ya Bunge. Mswada wa Fedha huwasilishwa kufikia mwisho wa Aprili, Kamati ya Fedha hupokea maoni ya umma Mei, na Juni ikiisha mambo yamekwisha. Ripoti yako nzuri ya Agosti ni mali ya maktaba.

2. Ushuru wa sigara Kenya hutozwa kwa kila sigara 1,000. Tangu Desemba 2024 ni shilingi 4,100, iwe na kichungi au isiwe nacho. Yaani shilingi 4 na senti 10 kwa fegi moja. Kuna rasimu iliyoandika "asilimia 4,100". Niliisoma kwa sauti ofisini, tukacheka mpaka mhasibu akaja kuuliza kulikoni. Na kwa kuwa kabla ya hapo zisizo na kichungi zilitozwa kiwango cha chini kuliko zenye kichungi, ukilinganisha na miaka ya nyuma weka safu mbili.

3. Namba ya magendo. Hapa kaeni kitako.

Nikiwa na umri wenu na suti moja, nilipewa kazi ya kuandaa memoranda ya kuomba ushuru upandishwe. Nilitaka ukurasa wa kwanza uwashtue watu. Nikakuta gazetini kwamba sehemu kubwa ya sigara zinazovutwa nchini ni za magendo, namba yenyewe imeandikwa kwa herufi nzito. Nikaichukua. Sitaitaja hapa, isije ikapata miguu tena. Kwa akili yangu ya wakati ule, namba kubwa ilionyesha hali ilivyo mbaya, na hali ikiwa mbaya si ndipo wabunge huchukua hatua?

Siku ya kikao nilisoma vizuri tu. Nilipomaliza, mheshimiwa mmoja aliyekuwa ameinamia simu muda wote akainua kichwa.

"Umesema sigara za magendo tayari ni nyingi hivi?"

Nikajibu ndiyo, mheshimiwa, kwa furaha ya mwanafunzi aliyeulizwa swali analolijua.

"Na unataka tupandishe ushuru, za halali zipande bei, watu wakimbilie hizo za magendo?"

Nikaanza kueleza habari za mipaka. Akanikata.

"Hii namba nani aliihesabu?"

Nikataja gazeti. Akacheka. "Gazeti halihesabu sigara, kijana."

Safu ya nyuma walikaa mawakili na watu wa mawasiliano wa kampuni za sigara, na mmoja wao alikuwa akiandika harakaharaka huku akitabasamu. Ilipofika zamu yao hawakuhangaika kutafuta hoja. Walinukuu memoranda yetu. "Hata wanaharakati wenyewe wanakubali," ndivyo walivyoanza. Pendekezo letu halikuonekana hata kwenye ripoti ya kamati.

Nikarudi ofisini nikaifuata ile namba ilikotoka, kazi ambayo nilipaswa kuifanya kabla ya kikao. Gazeti lilikuwa limeitoa kwenye taarifa kwa wanahabari, taarifa imeitoa kwenye ripoti ya washauri, na ripoti ya washauri, kurasa za mwisho kabisa kwa maandishi madogo, ilimshukuru mteja aliyeilipia: kampuni ya sigara. Njia ya hesabu ilielezwa kwa aya moja. Mahojiano na wauzaji, bila kusema wangapi wala wa wapi. Kampuni haikulazimika hata kuituma. Niliibeba mwenyewe mpaka bungeni, nikaisoma kwenye kipaza sauti. Mkubwa wangu hakunigombeza. Alisema tu, "Basi sasa utaokota pakiti."

Nikaokota. Ndiyo njia ya asiye na fedha nyingi ya kupata namba yake mwenyewe. Unagawa maeneo, unapita stendi, baa na vichochoro, unaokota kila pakiti tupu, unaangalia stempu ya KRA (mamlaka ya mapato ya Kenya), onyo la afya limeandikwa kwa lugha gani, na pakiti ilitengenezewa soko la nchi gani. Pakiti nyingine imekanyagwa, imelowa, na mengine siyasemi, kwa hiyo vaa glavu. Sheria ya 2007 inakataza kuuza pakiti yenye sigara chini ya kumi, lakini kila kioski kina kiberiti cha gesi kilichofungwa kwa kamba dirishani, na kamba hiyo haikuwekwa kwa ajili ya wanunuzi wa pakiti nzima. Fegi zikiuzwa moja moja, pakiti hubaki kwa muuzaji. Mwombe akuwekee zilizokwisha, la sivyo sampuli yako itakuwa ya wenye pesa. Na ukiokota mipakani Busia na Malaba pekee, umepata namba ya Busia na Malaba. Usiilete Nairobi ikajiita ya taifa.

Mheshimiwa akiuliza tena habari za magendo, mkumbushe kwamba KRA ina mfumo wa kufuatilia stempu tangu 2013, na Kenya imejiunga na Itifaki ya kutokomeza biashara haramu ya tumbaku. Magendo hudhibitiwa kwa stempu na ukaguzi wa mipakani, hata ushuru ukiwa juu. Jibu hilo nilikuwa nalo siku ile, mfukoni kabisa. Baada ya ile namba hakuna aliyetaka kulisikia.

Kwa hiyo nikiandika pembeni mwa rasimu "hii ni ya nani?", msininunie.

4. Tunzeni orodha za mahudhurio ya mikutano ya maoni ya umma. Kampuni ya sigara ya BAT Kenya ilipozipinga kortini Kanuni za Tumbaku za 2014, mojawapo ya hoja ilikuwa kwamba umma haukushirikishwa vya kutosha. Kesi ilipanda Mahakama Kuu, Mahakama ya Rufaa, hadi Mahakama ya Juu, ikaisha Novemba 2019, kanuni zikasimama. Ile karatasi ya sahihi mnayofungia mandazi ndiyo wakili atakayoitafuta.

5. Kifungu 5.3 cha mkataba wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa kudhibiti tumbaku, kile cha kulinda sera za afya dhidi ya maslahi ya kampuni za tumbaku: ukialikwa "kongamano la wadau" Naivasha, uliza kwanza nani analipia ukumbi.

6. Kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, hakimalizi safari. Piga hodi kwa kamishna wa kaunti, kwa mkurugenzi wa elimu, kisha kwa chifu, kwa mpangilio huo.

7. Mkulima. Ukienda Kuria au kwingineko Migori, acha nyumbani fulana ya "Tumbaku Inaua". Kijana wetu mmoja aliivaa mpaka sebuleni kwa mzee, na mzee akamwambia kwa upole kwamba tumbaku ndiyo iliyomsomesha binti aliyekuwa akimmiminia chai. Mahojiano yakaishia hapo, chai wakanywa.

Mwenye busara huomba kuona karatasi ya mauzo. Humo utakuta mbegu, mbolea na dawa za mkopo zimekatwa kabla mkulima hajashika kitu. Kisha hesabuni pamoja, polepole, siku ambazo mke na watoto walichuma majani, wakayafunga, wakakesha na moto wa kukaushia. Siku hizo karatasi haina, na zikiingia kwenye hesabu, faida hupungua sana au huisha kabisa. Mwache aseme mwenyewe.

Akishasema, atakuuliza mbadala. Tangu 2022 kuna mpango wa mashirika ya Umoja wa Mataifa ya WHO, FAO na WFP pamoja na serikali, hapo hapo Migori, wa kuwahamishia wakulima kwenye maharagwe yenye madini mengi ya chuma. Habari za mapafu hataziuliza kwanza. Atataka kujua nani atayanunua hayo maharagwe, kwa bei gani, na kama pesa itafika kabla shule hazijafunguliwa. Nenda na majibu hayo yameandikwa, pamoja na mahali mnunuzi anapopatikana.